Mawifi Wawili, Kitanda Kimoja

Katika mji wa Sarovets, wodi ya watu wazima hujaa kila mwaka mara tu watu wanapomaliza kuchemsha rakia, pombe yao kali ya matunda, na kuloweka kabichi kwenye mapipa ya chumvi. Si kwamba maradhi huwa yameongezeka. Bibi wa vijijini huwa amebaki peke yake, chumba kimoja ndicho chenye jiko la kuni, vingine vimefungwa kwa mablanketi mlangoni, na hospitali ina joto na supu ya kuku. Hospitali nayo, tuseme kweli, ilikuwa ikiwahitaji mabibi hao kuliko wao walivyoihitaji. Kwa maana Mfuko wa Bima ulikuwa ukilipa hivi: kila ugonjwa umepangiwa siku zake za kulala. Mgonjwa akizimaliza, hospitali inalipwa. Akitoka usiku mmoja kabla, hata awe anatoka akicheza ngoma, hospitali hailipwi kitu, si sindano, si supu, si shuka iliyofuliwa.

Ndiyo maana muuguzi Pavlina alikuwa akizifungia nguo za nje za wagonjwa. Makoti, viatu, skafu za sufu, vyote vilikaa kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake pamoja na msalaba. Miaka ya nyuma bibi mmoja alikuwa ametoroka kwenda kuchinja nguruwe wake wa Krismasi, na hospitali ikaikosa hela yake yote. Tangu hapo, makoti kifungoni.

Daktari Zlatka Benova alikuwa ameyazoea haya kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Mageuzi ya malipo yalipokuja mara ya kwanza alikuwa bado msichana mwenye msuko mmoja mrefu. Alisimama kwenye mkutano wa madaktari akasema mpaka sauti ikamtetemeka. Yalipokuja ya pili, aliandika maoni yake akayatuma mji mkuu. Ya tatu aliyasikiliza tu redioni huku akimenya viazi. Sasa yalikuwa yanakuja mengine, na moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona kwa macho, lakini ukiufinya hausikii. Wenzake aliosoma nao walikuwa wamekwenda Ujerumani mmoja mmoja. Yeye alibaki. Wala hakubaki kwa ushujaa. Siku zilipita tu, na kila siku kulikuwa na mtu wa kumpima.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi Haralampi Donchev alimkuta dirishani anakula mkate na jibini jeupe, amesimama, macho yake kwenye theluji ya uani.

"Zlatka, kesho wanakuja."

"Akina nani?"

"Akina nani tena! Wale wa sheria mpya ya malipo. Wanazunguka hospitali ndogo kusikiliza madaktari. Anawaongoza Daktari Iskrenov, zamani alikuwa mpasuaji, sasa anapasua bajeti." Donchev alicheka peke yake. "Wanataka kuacha kulipa kwa kila mgonjwa. Watupe fungu moja kwa mwaka, kwa kuhesabu watu wa wilaya, basi. Sisi wilaya yetu imebaki makaburi na paka! Wakituhesabu tumekwisha. Kwa hiyo kesho kila kitanda kiwe na kichwa juu yake. Kitanda kitupu wakikiona, watasema mji huu hauna haja ya hospitali."

"Sawa."

"Na wewe utasema: tunaomba malipo ya kila mgonjwa yaongezwe. Basi. Usianze hotuba zako."

Benova akajaribu kukumbuka hotuba zake. Hakukumbuka hata moja. Alifuta makombo kidevuni, akaenda kuwaona wagonjwa.

Kwenye kitanda cha dirishani alikaa Bibi Stoyna Kaldarova. Alikuwa ameletwa na nimonia, homa ikimchemsha, lakini dawa zilimkubali, na sasa kifua chake kilikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Mashavu yalikuwa mekundu. Alikuwa anafuma soksi. Zilibaki siku za kulala, basi alikuwa analala, kama mkate ulioiva ukaachwa ndani ya tanuri.

Pembeni yake, kwenye kiti cha mbao, alikaa wifi yake Desha, dada mdogo wa marehemu mume wake. Desha ndiye aliyekuwa akimletea Stoyna maziwa ya mgando na pilipili za kuchoma. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa, midomo yake ina rangi ya zambarau iliyopauka, na alikuwa anaongea kwa vipande, neno, pumzi, neno, pumzi. Mgeni angedhani Stoyna ndiye aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Daktari, binti yangu," Stoyna akaanza, "nitoe leo."

"Jumapili, bibi."

"Jumapili nini? Kesho ni arobaini ya Gergin wangu! Ngano ya marehemu haijachemshwa. Kasisi nimeshamwambia. Nani ataibeba makaburini, sungura?"

"Ukitoka kabla ya Jumapili hatulipwi."

"Kwani ni nyinyi mliougua?"

Wagonjwa wa vitanda vingine wakacheka. Benova hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anamsikiliza Desha. Hakuhitaji hata kumwekea chombo kifuani; pumzi ile ilisikika tangu mlangoni, ina maji ndani yake.

"Wifi yako bado hajalipa bima?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe, ana mdomo."

"Nilipe... nini, daktari?" Desha alisema. "Nimemwosha na kumlisha bibi wa Kigiriki... miaka na miaka. Kule Thesaloniki. Hakunikatia... bima yoyote. Alipokufa, watoto wake... wakanipa saa ya ukutani."

"Nzuri sana ile saa," Stoyna akasema. "Ingekuwa na miguu ingekuja ikulipie hapa."

Desha alikuwa hajafika umri wa pensheni, ambapo serikali ingemlipia bima, na deni la michango yake ya nyuma lilikuwa mlima. Wa dharura walishamchoma sindano, akakojoa maji mengi, wakamrudisha nyumbani. Maji yakajaa tena. Benova mwenyewe aliwahi kumwambia: tafuta michango, urudi nikulaze. Donchev alikuwa amekataza kulaza mtu asiyelipiwa, kwa sababu waliolazwa hivyo mwaka uliopita bado walikuwa wanaitafuna hospitali. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huko Sarovets hakuulizwa uji kweli, aliulizwa bima.

Stoyna akaweka soksi chini. Alimtazama daktari, akamtazama wifi yake, akatazama kitanda.

"Mnataka kichwa hapa, si ndiyo?" alisema polepole. "Hiki ni kichwa." Akamwonyesha Desha. "Tena kikubwa kuliko changu."

"Wifi, wewe... umechanganyikiwa," Desha akasema. "Kesho ni arobaini ya... kaka yangu. Mimi niwe nimelala... kitandani?"

"Gergin yuko kaburini, haendi popote. Wewe ndiye utakayemfuata usipolala hapa. Na nikikuona unatangulia kabla hujanirudishia lile beseni langu la shaba, tutagombana mbele ya Mungu."

"Beseni lilikuwa la... mama yangu."

"Unaona? Bado ana nguvu za kugombana. Mlaze, daktari, kabla hazijamwisha."

Wagonjwa wengine walitazama dari, kila mmoja alikuwa amesikia na hakuna aliyesikia. Benova alijua neno la kusema, na neno hilo lilikuwa haiwezekani. Alilitafuta mdomoni, lakini lilikuwa zito kulinyanyua. Kesi ya Stoyna ingelipwa. Dawa za kutoa maji kifuani zilikuwamo kabatini. Jina moja, vifua viwili. Alijipapasa moyoni kama kuna hofu, au huruma, hakukuta kitu.

Alikwenda mwisho wa ukumbi. "Pavlina, nipe koti la Bibi Stoyna."

"Anakwenda wapi?"

"Haendi. Yuko kitandani kwake."

Pavlina akavua ufunguo shingoni, ukanasa kwenye mnyororo wa msalaba, akahangaika nao. "Mimi leo macho yananiuma, daktari," alisema. "Sioni vizuri."

Hivyo Stoyna akaondoka kwa mlango wa jikoni, akiahidi kurudi Ijumaa kabla ya supu, na Desha akavaa gauni la hospitali, akalala chini ya kibao chenye jina la wifi yake. Benova akamwandikia dawa kwa jina hilohilo. Jioni Desha alikuwa ameshakwenda msalani mara nyingi mpaka akaanza kulalamika kwamba sakafu ni baridi, na mwenye kulalamika hivyo hajafa bado.

Ijumaa wakaja. Walikuwa watatu, wenye makoti marefu meusi, theluji ikiyeyuka mabegani, na Iskrenov alikuwa mbele, mrefu, ameinama kidogo kama walivyo watu walioinamia meza za upasuaji nusu ya maisha yao. Donchev aliwatembeza kitanda hadi kitanda, akitaja jina na ugonjwa kama mwenye duka anayetaja bei. Kila kitanda kilikuwa na kichwa.

"Na hapa ni Bibi Stoyna Kaldarova. Nimonia. Anaendelea vizuri sana."

Donchev hakuwa na habari. Yeye alikuwa anajua vitanda. Sura za watu aliziacha kwa wauguzi.

Iskrenov angepita tu, lakini jicho la mtu aliyekuwa daktari halisahau. Aliiona midomo. Akasimama.

"Mama, unalala na mito mingapi?"

"Yote... waliyonayo, mwanangu."

Akaomba chombo cha Benova, akamwinamia, akasikiliza mgongo muda mrefu, macho amefumba. Alipoinuka alimtazama Benova. "Nimonia gani hii?"

Kabla Benova hajajibu, mlango ukafunguliwa kwa kiwiko. Aliingia Bibi Stoyna, kitambaa cheusi kichwani, matope ya makaburini kwenye viatu, ameshika sinia kubwa. Juu ya sinia ngano iliyochemshwa, imefunikwa sukari nyeupe, msalaba umechorwa kwa njugu zilizotwangwa, na vikombe vya plastiki vimepangwa pembeni.

Hakuwa amesahau kuwa kuna wageni. Alijua. Lakini ngano ya arobaini haiishii makaburini. Lazima wale uliokula nao mkate waionje, roho ya marehemu ishibe. Stoyna alikuwa amekula mkate na wodi ile. Kuinyima wodi ingekuwa ni kumnyima Gergin, na jambo hilo halikumpitia akilini hata kidogo.

"Mungu amrehemu Gergin," alisema, akimpa Iskrenov kikombe cha kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Kula, mwanangu. Usiniangalie, kula."

"Mungu amrehemu," Iskrenov akajibu, kama alivyofundishwa na mama yake, akapokea.

"Bibi, saa za kuona wagonjwa bado," Donchev akasema haraka. "Samahani, Daktari Iskrenov, ni mgeni tu..."

"Mgeni?" Stoyna akageuka na sinia lake. "Mimi mgeni? Juzi umesimama hapo hapo ukaisifia soksi yangu! Nimerudi kabla ya supu, kama nilivyoahidi."

"Jina lako nani, bibi?" Iskrenov aliuliza.

"Stoyna Kaldarova. Mjane wa Gergin."

Iskrenov akasoma kibao cha kitandani. Akamsoma tena bibi aliyesimama. Mmoja wa wenzake alikohoa, ngano mdomoni. Donchev akawa mweupe kuliko sukari ya kwenye sinia.

Desha ndiye aliyesogea kwanza. Alitupa blanketi pembeni, akashusha miguu. "Nipe koti, wifi. Mimi... naondoka. Msimfunge daktari wa watu... kwa ajili yangu." Alijaribu kusimama, pumzi ikamkatikia njiani, akabaki ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kinywa wazi.

Benova akamwekea mkono begani. "Lala," alisema. Akainua miguu yake, akaifunika.

"Eleza, daktari," Iskrenov akasema. Hakusema kwa ukali.

Kule nyuma Donchev alikuwa anamfanyia macho: malipo yaongezwe, malipo yaongezwe. Benova aliyaona macho yale kama mtu anavyoona taa ya nyumba ya mbali.

"Huyu aliyesimama amepona," alisema. Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. "Nimeendelea kumlaza kwa sababu analipiwa. Huyu aliyelala moyo wake umechoka na kifua kimejaa maji. Nimemkalisha kwenye kiti kwa sababu halipiwi. Jana nimewabadilisha."

"Bila kibali cha yeyote."

"Bila."

"Nimekuja kusikia maoni yako kuhusu malipo."

"Ndiyo hayo. Sina mengine."

Iskrenov alikizungusha kikombe mkononi. "Sheria mpya haitalipa vitanda. Mtapewa fungu la mwaka, mtibu mnavyoona. Huyu bibi usingekuwa na sababu ya kumweka hata saa moja."

"Vizuri. Na huyu?" Benova akamwonyesha Desha. "Kwenye kuhesabu watu wa wilaya, atahesabiwa?"

Iskrenov aliitazama ngano. "Watakaohesabiwa," alisema, "ni wenye bima."

"Basi ni kiti kilekile," Benova akasema.

Hakusema kwa kumsuta. Huenda kama angepaza sauti, wangekuwa na la kumjibu. Mmoja wa wale wenzake alianza kueleza kwamba hilo ni suala la awamu ya pili, Stoyna akampa kikombe cha pili na kumwambia ale kwanza, marehemu hapendi maneno mengi.

"Nitalazimika kuandika nilichokiona," Iskrenov alisema.

"Andika."

Hakuna aliyejua kama hicho kilikuwa kitisho au ahadi. Labda hata mwenyewe hakujua. Alimaliza ngano yake mpaka punje ya mwisho, akashukuru, akarudisha chombo cha kusikilizia. Aliporudisha alisema kwa sauti ya chini, daktari kwa daktari, "Ongeza dozi ya dawa ya maji. Hiyo haimtoshi." Halafu makoti meusi yakatoka.

Donchev aliwasindikiza, akarudi mbio.

"Umetumaliza! Kitanda cha Stoyna hakilipwi tena, na huyu halipiwi tangu mwanzo. Hasara mbili kwa kitanda kimoja, Zlatka! Nani ameshawahi kuona?"

Benova alikuwa amekitoa kile kibao. Alifuta jina la Stoyna kwa mate na kidole gumba, akachukua kalamu ya Pavlina, akaandika jina la Desha, jina lake lote kamili na la baba yake.

"Unafanya nini?"

"Namlaza."

"Nani atalipa?"

"Sijui."

"Nitakuandikia barua ya onyo. Naapa nitaandika!"

"Andika, Haralampi."

Alisimama pale, mkurugenzi wa watu, hajui afanye nini na mikono yake. Stoyna akamwonea huruma. Alimkwangulia ngano iliyobaki kwenye kona ya sinia, penye sukari nyingi. "Kula, mwanangu. Umekonda kwa mawazo." Na Donchev akala, maana arobaini ya mtu haikataliwi, akatoka akiwa bado anatafuna.

Stoyna naye akafunga skafu yake. Sasa alikuwa ameruhusiwa kweli, kwa karatasi. Aliinama akamnong'oneza wifi yake jinsi kasisi alivyosoma, nani alikuja, nani hakuja, na nani alikuja na mishumaa ya bei rahisi. Desha alisikiliza macho yamefumba, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Umemwambia kaka... kwa nini sikuja?"

"Nimemwambia. Nimemwambia pia habari za beseni."

Baada ya hapo ukumbi ukatulia. Benova alikaa kwenye kile kiti cha mbao, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Madaktari wa Sarovets hupima wamesimama. Aliongeza dozi. Alijua Donchev ataandika, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza. Alijua wiki ijayo kutakuja Desha mwingine, wa kijiji kingine, na saa nyingine ya ukutani. Alijua kwamba mtu mwingine hapo alipokaa angefurahi, hata kidogo. Aliitafuta ile furaha kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Haikuwepo.

"Daktari," Desha akauliza, "nilale hapa... mpaka lini?"

Benova alifungua kinywa, kwa mazoea, ataje siku. Kwenye karatasi za Mfuko ugonjwa ule ulikuwa na siku zake. Lakini siku zile zilikuwa za watu wanaolipiwa. Za Desha hazikuandikwa popote.

"Mpaka upone."

Desha akamwangalia kama mtu anayetaniwa. "Nijibu vizuri, dada. Nijue... niagize nguo ngapi."

"Nimekujibu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akamshika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo. Yalikuwa ya haraka, yamekatikakatika, yanaruka kama mtu anayevuka matope kwa mawe. Alifika katikati, akapoteza hesabu. Akaanza upya.